Kwa Nini Jeshi Letu Lilianzia Nambari 3?

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilirithi vikosi vitatu vya askari wa miguu: 3, 5 na 11 Kenya Rifles. Mbona si 1, 2 na 3? Swali hili lilizuka chamani mwetu hapa Thika, na wengine wakacheka, eti Wazungu hawakujua kuhesabu. Mimi nikapewa kazi ya kulichambua.

Kuhesabu walijua sana. Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza waliunganisha majeshi yao ya huku kuwa King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee waliiita Keya. Nambari ziligawiwa nchi kwa nchi: 1 na 2 Nyasaland, yaani Malawi ya leo, 3 kwetu, 4 na 5 Uganda, 6 Somalia ya Waingereza. Hiyo 5 ilikuwa ya askari wa Kihindi, ikavunjwa mwaka 1904, kisha nambari yake ikafufuliwa Kenya. Kwa hivyo wakoloni walipoondoka, Kenya ilibaki na nambari zake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta mkanganyiko. KAR ilipanuka hadi vikosi 22, na nambari 3 ikazaa vikosi vidogo vyake. Ukiona 2/3 KAR kitabuni, hiyo si theluthi mbili jamani! Ni kikosi cha pili cha rejimenti ya tatu.

Hata majina yalikuwa na ubaguzi wake. Waliopigana Tanga Novemba 1914 walikuwamo Loyal North Lancashire, walioitwa kwa jimbo lao la Uingereza. Wahindi walikuwa Rajputs wa 13 na Grenadiers wa 101: nambari kwanza. Mwafrika naye alikuwa wa mfalme.

Vyeo ndivyo vilivyonishangaza zaidi. Sisi tukisema jemadari tunamaanisha mkuu wa jeshi. Katika jeshi la India jemadar alikuwa chini ya subedar, na wote wawili chini ya luteni mchanga wa Kiingereza aliyeshuka melini juzi. Katika miaka ya 1950 KAR iliiga mpango huo ikaanzisha cheo cha effendi kwa Waafrika. Kabla ya hapo, askari angetumika miaka 20 na asiwe afisa. Neno hilo la Kituruki ndilo asili ya afande wetu, na siku hizi hata konstebo wa barabarani anaitwa hivyo.

Ukitoka Ruiru kwenda Nairobi utapita Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa. Palikuwa kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, jina la jenerali wao, kabla ya kugeuzwa chuo mwaka 1965.

Na ile nambari 11? Askari wake waliasi Lanet Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, na kikosi kikavunjwa. Nambari 3 na 5 zipo hadi leo.