Kung'oa Magugu Maji Bila Kupata Kichocho

Kama unaishi kando ya Ziwa Victoria, unayajua magugu maji. Majani yake yanang'aa na maua yake ya zambarau yanapendeza. Lakini yakifunga mwalo, mitumbwi haitoki, nyavu zinanasa, na akina mama hawapati mahali pa kuchota maji. Hapo ndipo watu huamua kuyang'oa. Kazi hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba wengi huingia majini miguu mitupu, na huko hupata kichocho.

Magugu haya si ya kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Yalionekana katika ziwa letu karibu na mwaka 1990, na mto Kagera bado unayaleta. Huongezeka upesi sana. Yakiwa na ukubwa wa mkeka mmoja leo, yanaweza kuwa mikeka miwili baada ya majuma mawili, na minne baada ya mwezi. Kwa hiyo, kama shamba lako linafika majini, usingoje yajae. Yang'oe yakiwa machache, kabla ya kutoa maua. Mbegu zake huzama matopeni na kukaa miaka mingi zikiwa hai.

Je, magugu yanahusianaje na kichocho? Chukua fimbo, ugeuze gugu moja, utazame mizizi yake. Mara nyingi utaona konokono wadogo. Yupo mmoja aliye bapa, amejiviringa kama kamba. Huyo ndiye hubeba kichocho cha tumbo. Mgonjwa akienda haja kubwa ziwani au karibu na maji, mayai ya kichocho huanguliwa majini. Vijidudu vinavyotoka humwingia konokono na kuongezeka ndani yake. Kisha hutoka kwa maelfu, wakimtafuta mtu. Hupenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda. Huwaoni kwa macho.

Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Basi fanyeni kazi mapema asubuhi. Hata hivyo, asubuhi pia si salama kabisa. Vaa mabuti marefu ya mpira na glovu za mpira. Kama huna, simama nchi kavu au ndani ya mtumbwi, uvute magugu kwa mti mrefu wenye ndoano. Ndoano hiyo itakusaidia pia kuwa mbali na nyoka na mamba, maana hupenda kujificha humo. Watoto wasiingie kabisa, hata kama wanasema wanasaidia. Ukilowa, jifute mara moja kwa nguo kavu.

Wengine hukatakata magugu kwa panga na kuyaacha yaelee. Hiyo ni kazi bure. Kipande chenye chipukizi huchukuliwa na mawimbi na kuota kwa jirani. Ukiyaacha yaoze majini, maji yananuka na samaki wanakosa hewa. Yang'oe pamoja na mizizi, uyaweke juu ya ukingo, mahali mawimbi hayafiki. Ni mazito kwa sababu karibu yote ni maji: katika kilo 100, zaidi ya kilo 90 ni maji. Yaache jua liyakaushe siku kadhaa, ndipo uyabebe kwa toroli. Baadhi ya konokono nao watakufa kwa ukavu. Yaliyokauka yatie shimoni pamoja na samadi upate mboji.

Ukiona majani yana vidoa vidogo vya kuliwa, usishangae. Katika miaka ya 1990 nchi zetu zilileta mdudu anayefanana na fukusi ili ayale magugu haya. Anasaidia sana, lakini hula polepole, na mwalo hauwezi kumngoja.

Kama umewahi kufanya kazi hii miguu mitupu, usingoje kuugua. Nenda zahanati upimwe choo. Tumbo kuuma, kuhara na damu katika choo ni dalili. Ukichelewa miaka mingi, ini huharibika, tumbo hujaa maji, na mgonjwa huweza kutapika damu. Dawa ipo. Usikisie vidonge dukani, kwa sababu idadi yake hutegemea uzito wako, na mhudumu atakupima kwanza. Mama mjamzito amwambie mhudumu hali yake. Dawa hiyo huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haikukingi usiambukizwe tena. Ukirudi majini msimu ujao, rudi tena kupimwa.