Kutoka Nukta Zilizotawanyika hadi Gridi: Mfano wa Mvua ya Shauri Moyo

1.0 Utangulizi

Ramani ya mvua inapopakwa rangi kila pembe, msomaji huamini kwamba mvua imepimwa kila pembe. Sivyo. Jijini Nairobi, vituo vikuu vya hali ya hewa ni vichache: Dagoretti Corner, Uwanja wa Ndege wa Wilson, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na Kambi ya Wanahewa ya Moi, Eastleigh. Mtaa wa Shauri Moyo umo kati ya vituo hivyo. Makala hii inakusudia kueleza jinsi programu ya kompyuta inavyoupatia mtaa huo kiwango cha mvua, na kiwango hicho kinastahili kuaminiwa kwa kadiri gani.

2.0 Maana ya Gridi

Gridi ni mpangilio wa mistari inayokatana na kufanya miraba iliyo sawa. Programu nyingi za kuchora ramani huhitaji thamani moja katika kila mraba ndipo ziweze kupaka rangi au kuchora kontua. Vituo, hata hivyo, havikujengwa kwa kufuata miraba, vimetawanyika. Kwa hiyo thamani za miraba isiyo na kituo hazina budi kukadiriwa kutokana na vituo vilivyopo.

3.0 Njia za Kukadiria

Tuchukulie, kwa ajili ya somo hili tu, kwamba siku moja Eastleigh ilipata milimita 40, Wilson 52, uwanja wa Jomo Kenyatta 30, na Dagoretti Corner 60. Tuchukulie pia kuwa umbali wa vituo hivyo kutoka Shauri Moyo ni kilomita 2, 5, 10 na 10, kwa utaratibu huo.

Njia ya kwanza ni ya jirani wa karibu: Shauri Moyo inapewa thamani ya Eastleigh, yaani 40. Ni njia nyepesi, lakini huzua mipaka ya ghafla isiyokuwapo angani.

Njia ya pili, iliyoelezwa na Donald Shepard mnamo 1968, hukipa kila kituo uzito unaopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Tukigawanya 1 kwa kipeo cha pili cha umbali, tunapata uzito wa 0.25, 0.04, 0.01 na 0.01, jumla yake ni 0.31. Kila uzito ukizidishwa kwa mvua ya kituo chake, jumla ni 12.98. Tukigawanya 12.98 kwa 0.31, tunapata takriban milimita 42.

Njia ya tatu ina asili yake barani Afrika. Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, alichapisha mnamo 1951 utafiti kuhusu ukadiriaji wa dhahabu ya Witwatersrand. Georges Matheron wa Ufaransa aliiendeleza kazi hiyo, na njia yenyewe ikaitwa krigingi kwa heshima ya Krige. Hii huchunguza kwanza jinsi tofauti za thamani zinavyokua kwa umbali, kisha hutoa makadirio pamoja na kipimo cha shaka yake.

4.0 Mipaka ya Makadirio

Kwanza, njia ya Shepard haiwezi kutoa thamani iliyo juu ya 60 wala chini ya 30 katika mfano wetu. Wingu lililomwaga milimita 90 katikati ya vituo halitaonekana kamwe.

Pili, kituo kimoja kikikosa kuripoti, matokeo hubadilika. Tukiondoa Eastleigh, makadirio ya Shauri Moyo yanapanda kutoka 42 hadi takriban 50, ilhali mvua yenyewe haikuongezeka hata tone.

Tatu, Mathare iko nje ya umbo linalopatikana tukiviunganisha vituo vyetu kwa mistari. Njia ya mstari mnyoofu huiacha tupu. Ya Shepard huijaza bila kuonya.

Nne, kupunguza ukubwa wa miraba hakuongezi maarifa. Miraba milioni moja iliyotokana na vituo vinne bado ni habari ya vituo vinne.

Jambo hili si la darasani pekee. Mnamo 2024, baada ya mafuriko ya masika, serikali iliwaamuru wakazi wa kando ya mito ya Nairobi waondoke katika ukanda wa mita 30. Mto Nairobi unapita karibu na Shauri Moyo. Ramani ya mwinuko yenye miraba ya mita 90 haiwezi kuamua ni nyumba ipi imo ndani ya ukanda huo na ipi imo nje.

5.0 Hitimisho

Gridi ni chombo cha lazima, lakini ni makadirio yaliyovaa sura ya vipimo. Tunapendekeza kila ramani ya namna hii ioneshe nukta zake za asili na kutaja njia iliyotumika.

Zoezi: Rudia hesabu ya sehemu ya 3.0 kwa kugawanya 1 kwa umbali wenyewe badala ya kipeo chake cha pili. Je, vituo vya mbali vimepata nguvu zaidi? Eleza kwa nini.