Mafunzo Niliyopata Kati ya Bunda na Tanga

Nimezaliwa Kabasa, Bunda, nikasomea Musoma, na sehemu kubwa ya ualimu wangu nimeifanyia Tanga. Ndugu zangu wakitaka kujua kwa nini watu wa pwani hawasemi wanachotaka, huniuliza mimi. Majirani zangu wa Tanga wakitaka kujua kwa nini watu wa Mara hugomba kutwa, huniuliza mimi vilevile. Pande zote mbili zinaheshimu watu sana. Kinachozigombanisha ni kwamba kila upande unaitafuta heshima pale ulipozoea kuiona, usipoikuta hapo unadhani haipo.

1. Sauti kubwa ina kazi yake

Kwetu nyumba ziko mbalimbali, na katikati kuna mihogo, mtama na njia za ng'ombe. Jirani anaamkiwa angali barabarani, anajibu bila kusimama, na habari za watoto wake zinaulizwa huku akizidi kwenda. Mwaloni ndiyo usiseme: mtumbwi ukikaribia, anayengoja dagaa nchi kavu na aliyeko majini hawana njia nyingine ya kuelewana. Mtoto anayekulia hapo hujua kwamba maneno ya wazi ni maneno safi. Anayenong'ona mbele za watu ndiye anayetiliwa shaka.

Mitaa ya zamani ya Tanga imebanana. Ukipaza sauti barazani, nyumba kadhaa zimekwisha kusikia, na aibu ya mwenzako imekwisha kutoka nje. Kushusha sauti huko ni kumsitiri mtu.

Nimeona tofauti hii ikivuruga shule. Mwalimu kijana kutoka Musoma alisimama kwenye kikao akamwambia mkuu wake kwamba ratiba mpya inawaonea walimu wa madarasa ya chini. Hoja ilikuwa ya kweli na kila mmoja aliijua. Mkuu aliumia, na kilichomuumiza ni hadhara. Angefuatwa nyumbani baada ya alasiri, wakanywa kahawa, jambo likatajwa mwishoni kama lililokumbukwa tu, ratiba ingebadilishwa wiki hiyohiyo. Lakini kwa kijana yule, kumwendea mkubwa faraghani kusema mambo ya wenzake ndiyo majungu yenyewe. Alilelewa kuamini kwamba mwanamume husema mbele ya wote. Kila mmoja wao alikuwa akitenda kwa adabu aliyofundishwa na mama yake.

2. Kwenye mahari ndipo tofauti zote hukutana

Nilikuwa mshenga kijana wa Tanga alipoposa kwa ukoo wetu, Bunda. Ujumbe wa Tanga ulitangulizwa na barua ya posa yenye bahasha, maneno yamepangwa kwa upole. Wazee wa kwetu waliipokea barua, wakaisoma, wakaiweka kando, wakaanza kutaja ng'ombe. Idadi ya kwanza ilikuwa kubwa, na ilisemwa kwa sauti ya kuwafukuza watu.

Wageni walinyamaza. Mkubwa wao alisema tu, "Hewala, tumesikia." Basi wazee wetu wakatazamana kwa furaha: wamekubali! Huku nyuma mzee wa Tanga akaniinamia sikioni: "Mwalimu, tumekataliwa. Tuage kwa heshima."

Pale Tanga, familia isiyotaka kutoa binti haisemi hapana. Huweka sharti zito, na mwenye akili akaelewa, akaondoka na uso wake. Kwa hiyo idadi ile waliisikia kama mlango unaofungwa. Kwetu, idadi ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo tu. Wazee wanataka ibishaniwe. Katika ubishi huo wanawapima wakwe watarajiwa: nani ana hasira za karibu, nani bahili, nani anamwachia mwenzake amalize kusema. Anayekubali haraka anawanyima nafasi hiyo, na tena huonekana hajali anachokichukua. Na ile "hewala", ambayo kwa Tanga ilikuwa adabu ya kuomba muda wa kushauriana, Bunda iliingia kwenye daftari kama ahadi.

Ilibidi nisimame niwaeleze wote, kila upande ukisikia ninavyouelezea upande mwingine. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya mshenga katika ndoa za siku hizi. Kubeba bahasha mtu yeyote anaweza.

Chini ya adabu hizo kulikuwa na jambo zito zaidi. Kwa Waislamu wa Tanga mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, anaitaja na kuipokea yeye. Kwa desturi ya wafugaji wa Mara, ng'ombe huenda kwa baba na ukoo, na mara nyingi ndio kaka wa binti atakaoolea. Mzee wa Tanga aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Na binti mwenyewe anapata nini?" Baba mdogo wa binti naye akauliza kwa mshangao uleule, "Akipokea yeye, sisi tutakuwa tumeungana vipi na nyinyi?" Sijasikia maswali mawili mazuri kuliko hayo katika kikao cha posa. La kwanza linamlinda mwanamke. La pili linalinda undugu wa koo mbili. Mimi naegemea la kwanza, na nilisema hivyo palepale, maana nimeona mabinti waliorudishwa kwenye ndoa mbaya kwa sababu ng'ombe walikwisha kutumika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikutimizwa. Wazee wa pande zote walikuwa wakilijua hilo, na hakuna aliyelitaja mpaka mwisho, kwa kuwa hawakuja pale kutafuta uhalali. Ng'ombe wakapunguzwa, wakageuzwa fedha kwa bei ya mnadani, binti akapewa fungu lake mkononi mbele ya wote, na ndoa ikafungwa bomani.

Jambo moja la nyongeza kwa vijana wanaooa Mara. Miongoni mwa Wakurya na Wajaluo, wazee wengi bado wanashika desturi ya mkwe wa kiume kukaa mbali na mama mkwe: hawapeani mikono, hawali pamoja. Kijana wa pwani aliyezoea kumwinamia mama mkwe na kumbusu mkono aulize kwanza. Umbali ule ni heshima kubwa kuliko busu.

3. Hakuna "mtu wa Mara" mmoja

Tanga na Dar es Salaam, ukisema umetoka Mara, umekwisha kuwa Mkurya, na ukiwa Mkurya umekwisha kuwa askari au mgomvi. Mkoa wetu una Wajita, Wakwaya na Waruri wa ziwani, Wazanaki wa Butiama, Waikizu na Wasizaki wa Bunda, Wakabwa, Wasimbiti, Wajaluo wa Rorya, Waikoma, Wanata, Wangoreme, na Wasukuma wengi waliolowea. Mvuvi Mjita na mfugaji Mkurya wana tofauti ya tabia ambayo Bunda mjini huonekana kila siku ya soko. Waliozaliwa Bunda hujifunza mapema kumsoma mtu kabla ya kufungua mdomo, maana jirani wa kulia na wa kushoto hawana desturi moja.

Kabila la Mwalimu Nyerere, Wazanaki, ni dogo. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito, na alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, Kiswahili alikuwa akikianza. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Nawatajia wanafunzi wangu habari hizi kila mwaka, hasa wanapomcheka mwenzao aliyehamia kutoka bara.

4. Kicheko cha matamshi hufunga midomo

Hili nalisema kwa uchungu. Mtoto wa kutoka kwetu anayesema "kura" akitaka kusema "kula" huchekwa mara moja, mara ya pili, halafu hasemi tena darasani. Mwalimu huandika kwenye ripoti yake kwamba ni mkimya. Sikubali kicheko hicho darasani kwangu, na wazazi walioniambia ni utani tu niliwajibu kwamba utani una watani wake, waliokubaliana tangu mababu.

5. Msibani, kaa

Tanga maiti ya Mwislamu huzikwa siku ileile ikiwezekana, makaburini pamoja na wengine, kwa utulivu na dua. Mara tunazika nyumbani, kwenye ardhi ya ukoo, kama Mwalimu mwenyewe alivyozikwa Butiama mwaka 1999, na mara nyingi tunawangoja walio mbali. Kilio ni cha sauti. Rafiki yangu wa Tanga aliyekuja kunizikia alidhani tunamchelewesha marehemu. Ndugu zangu walipokwenda kwake msiba ulipomfika, walidhani anaharakishwa. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alibaki hadi siku za matanga zilipokwisha, akabeba maji, akapanga viti.

6. Kwa mwalimu mgeni

Vijana wa pwani wanaopangiwa shule za Bunda hunipigia simu kabla ya kuripoti. Nawaambia waende kwa mwenyekiti wa kitongoji jioni, mifugo ikisharudi, na wasikatae wakikaribishwa ugali. Wakiulizwa jambo wanalolipinga, waseme palepale wanalipinga. Na wakiandikiwa na mzazi ujumbe wa neno moja, "Njoo", waende bila hofu: mara nyingi kuna samaki wamewekewa.