Ua la Nyumbani Likipukutisha Majani

Somo letu leo ni juu ya maua ya nyumbani, yale tunayopanda kwenye mikebe na vyungu. Msicheke! Vikundi kadhaa vinapata shilingi kwa kuuza maua haya, na ua moja likikauka ni mfuko wa kikundi unaotoboka.

Hebu tuwape kisa. Kikundi kimoja cha akina mama tunachotembelea kilipeleka maua 12 ya fikasi katika ofisi moja mjini. Walipatana kulipwa nusu siku hiyo, na nusu baada ya miezi 3, maua yakiwa hai. Hazikupita wiki 3, simu ikaja: "Njooni mchukue maua yenu, majani yanaisha." Akina mama wakaingiwa na hofu, maana ile nusu ya kwanza walikuwa wameshalipa deni la mikebe na miche. Wengine wakasema ni ugonjwa, wengine wakasema yatiwe mbolea. Tukaenda pamoja kuyaona.

Tulikuta nini? Maua yalikuwa kwenye kona yenye giza, mbali na dirisha. Udongo ulikuwa tope, tena unanuka. Kumbe mfagiaji alikuwa akimwagilia kila asubuhi. Karani naye, akiona majani yanaanguka, akawa anamwagilia kila jioni. Kila mmoja alitaka kusaidia, lakini maji yalikuwa yamezidi unga.

Hapo ndipo penye somo. Ua lenye kiu hunyauka. Ua lenye maji mengi mno nalo hunyauka vilevile. Kwa nini? Mizizi huhitaji hewa. Udongo ukijaa maji siku zote, hewa hutoka na mizizi huoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Ukiongeza maji, unalimaliza. Mtoto akiwa na homa hatumpi dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Ua nalo tulipime kwanza.

JINSI YA KUPIMA

1. Tia kidole ndani ya udongo kama sentimita 5. Kukiwa na unyevu, usimwagilie. Kukiwa kukavu, ua lina kiu.

2. Inua mkebe. Ukiwa mwepesi na udongo umeachana na kingo, ni kiu. Ukiwa mzito na kuna harufu mbaya, ni maji mengi.

3. Geuza majani. Ukiona utando mwembamba kama wa buibui, au vitu vinavyonata, kuna wadudu.

4. Uliza ua lilihamishwa lini. Fikasi ni ya ukoo mmoja na mkuyu na mugumo, na haipendi kuhamahama. Ikitolewa penye mwanga ikawekwa gizani, hupukutisha majani hata kama maji yanatosha.

5. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani, tawi liko hai, hata kama halina jani moja. Usilitupe!

JINSI YA KUTIBU

Kama ni kiu: mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, kisha umwage yale yaliyobaki kwenye kisahani.

Kama ni maji mengi: litoe ua kwenye mkebe. Mizizi mizima ni migumu. Iliyooza ni myeusi au ya kahawia, laini, na inanuka. Ikate kwa kisu safi. Fikasi ina utomvu mweupe unaoweza kuwasha, kwa hivyo nawa mikono baadaye. Panda tena kwenye udongo mpya: makopo 2 ya udongo mzuri, 1 la mboji iliyoiva na 1 la mchanga wa mto. Mkebe uwe na matundu chini, na usiwe mkubwa kupita kiasi, kwa sababu udongo mwingi hukaa na maji mengi.

Kama ni wadudu: panguza majani pande zote kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo. Rudia kila wiki mpaka waishe.

Kama ni mahali: liweke karibu na dirisha, penye mwanga lakini si kwenye jua kali la mchana. Kisha liacheni hapo hapo.

Mbolea je? Ngojeni kwanza. Mizizi migonjwa huunguzwa na mbolea. Majani mapya yakitokea, ndipo mtie kidogo. Mnaweza kungoja wiki 4 hadi 6, au zaidi, kabla ya kuona chipukizi. Msikate tamaa.

Na wale akina mama? Walimweleza mwenye ofisi ukweli wote, naye akakubali kungoja. Maua 9 yalichipuka. Matatu yalikufa, wakayabadilisha kwa gharama yao, na mwisho walilipwa ile nusu iliyobaki. Siku hizi, kabla ya kuuza, wanayaweka maua kivulini kwa wiki kadhaa ili yazoee mwanga mdogo. Tena kila ua linakwenda na kikaratasi: "Mwagilia udongo ukikauka tu. Mmwagiliaji awe mtu mmoja."

Basi, ua likipukutisha majani, mkono usikimbilie jagi. Kidole kitangulie.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayemwagilia miche? Tumemchagua, au kila mtu anamwaga tu?

2. Leteni ua moja gonjwa kwenye mkutano ujao. Lipimeni pamoja kabla ya kulitibu. Mmeona nini?

3. Mnunuzi akirudisha ua, tutapatana naye vipi bila kikundi kupata hasara?