Simu Mkononi, Jembe Begani: Vidokezo 9 kwa Wakulima wa Dodoma

Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta Kongwa ili walime karanga. Mpango mzima ulilenga zaidi ya ekari milioni 3. Vyuma vilikuwepo tele, ila rekodi za mvua zilikuwa chache mno. Jua likapiga, udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kama zege, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Mfumo wa kilimo uitwao permakalcha unaanzia upande wa pili: tazama kwanza, kisha shika jembe. Waliolibuni jina hilo miaka ya 1970 ni Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, na maadili yake ni matatu: tunza ardhi, tunza watu, gawana ziada. Simu uliyonayo inaweza kuyasaidia yote matatu, mradi usiigeuze trekta la Kongwa.

1. Pima mvua yako mwenyewe. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Lakini wastani haushibishi mtu. Kinachoua mahindi ni zile wiki kavu katikati ya msimu, na mvua inaweza kunyesha Nzuguni huku Kikombo wakiangalia mawingu tu. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi, chomeka rula kila asubuhi baada ya mvua, kisha andika kipimo kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Linganisha na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), ila usikilize unaokuhusu: Dodoma imo kwenye utabiri wa mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili. Vuli na Masika ni habari za kina Tanga na Moshi.

2. Lipigie bati hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 550, ni lita 27,500. Toa sehemu ya tano inayopotea njiani, unabaki na lita 22,000. Tangi la lita 5,000 litajaa mvua ikifika milimita 125 tu kama hujatumia maji yake. Kwa hiyo swali la maana ni maji yatakayofurika yaende wapi. Chimba mfereji uyapeleke kwenye mashimo ya mipapai kabla hujakopa hela ya tangi la pili.

3. Tazama shamba kutoka angani, lakini pima ukiwa chini. Google Earth ina picha za miaka ya nyuma, na bure. Fungua eneo lako uone korongo lilianzia wapi na linakula upande gani. Ukitaka kupata moyo, sogeza ramani hadi Kondoa Irangi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, tusifiche, lakini makorongo mekundu mengi yalirudi kuota miti. Kuhusu kuchora mistari ya makinga maji, hapo weka simu mfukoni. Kipima usawa cha simu ni kifupi mno kwa miteremko yetu midogo. Miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe katikati, itakupa mstari sahihi zaidi.

4. Usinunue mche kabla hujakagua visiki. Tangu mwaka 2018 LEAD Foundation ya hapa Dodoma na shirika la Justdiggit la Uholanzi wamekuwa wakieneza kisiki hai. Chini ya vichaka vingi vya shambani kuna mizizi iliyokwisha kujipenyeza ndani, inayoijua ardhi kuliko mche wowote wa kwenye kifuko. Chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, weka alama ya kitambaa, kisha linda dhidi ya mbuzi. Justdiggit pia wana programu ya simu, Kijani, yenye mafunzo ya namna hii. Nyongeza yangu: piga picha kila mwezi ukisimama palepale. Mti unaouona kila siku huwa hauonekani ukikua, na picha ndiyo itakayomshawishi shemeji aliyekucheka.

5. Pampu ya jua iwekewe mpaka. Hapa naomba tutulie kidogo. Pampu ya dizeli hukusimamisha mfuko ukikauka, lakini ya jua huendelea kuvuta, maana jua la Dodoma halina bili. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, limeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na vina vya visima vyake vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950. Wanasayansi walipopitia rekodi za miaka 55 waliona kwamba maji ya ardhini hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa kwa mkupuo katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na miaka mingi katikati tunachota akiba. Basi funga uzito kwenye kamba yenye mafundo, pima maji ya kisima yapo kina gani mara moja kwa mwezi kabla ya kuwasha pampu, uandike kwenye simu. Kamba ikizidi kurefuka, punguza matuta ya mboga. Kama jirani naye ana kisima, mwonyeshe namba zako, kwa sababu mnachota chungu kimoja.

6. Mdudu apigwe picha kwanza. Programu ya PlantVillage Nuru hutambua magonjwa ya mihogo na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, inaongea Kiswahili, na hufanya kazi hata mtandao usipokuwepo. Usiiamini peke yake. Mwonyeshe pia bwana shamba. Ila inatosha kukuzuia kupulizia sumu kwa kukisia.

7. Sauti za wazee zirekodiwe. Bibi hahitaji simu janja. Mkalishe, mwombe aeleze kwa Kigogo aina za mlenda, uwele uliovumilia miaka ya njaa, na jinsi mbegu ilivyohifadhiwa juu ya moshi wa jiko. Ujumbe wa sauti unamfikia hata asiyesoma. Kwenye kundi wekeni sheria moja: ushauri usio na mahali, tarehe na picha haupiti. Hapohapo tangazieni ziada, samadi, pando za mihogo, jogoo wa kuazimana, na michango ya kikundi muiweke M-Koba, huduma ya akiba ya vikundi kwa simu, ili kila mwanachama aone salio.

8. Itumie simu hadi ichoke. Badilisha betri kabla ya kubadilisha simu. Betri mbovu za redio na taa za sola zisitupwe shambani wala kwenye shimo la taka la uani. Zikusanyeni mpeleke kwa mafundi wanaonunua chakavu.

9. Kisha izime, uende Chololo. Kijiji hiki kipo kama kilomita 40 kusini-mashariki mwa jiji. Kuanzia mwaka 2011, Chuo cha Mipango Dodoma na wadau wenzake, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, walijaribu pamoja na wanakijiji matuta ya kuzuia maji, plau za ng'ombe, mbegu zinazostahimili ukame, mizinga ya nyuki, mabwawa ya samaki na gesi ya samadi. Waulize wenyeji kipi kimedumu na kipi kilikufa mradi ulipoondoka, maana hilo hutalipata kwenye video yoyote. Nenda Februari au Machi, mazao yakiwa bado shambani, na usisahau kubeba maji ya kunywa.