Santuri za Siti na Nakala Zake: Mafunzo Niliyopata

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walipanda meli Unguja wakaenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Mwanamke wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini, akawa sauti ya kwanza ya kike ya Kiswahili kuvuma pwani nzima kwa santuri. Nyimbo hizo zimetolewa upya mara kwa mara, kwa sura mbalimbali. Nimezisikiliza kwa miaka hapa Mji Mkongwe, nakala hii kando ya ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Wimbo ulipunguzwa kabla haujatufikia

Upande mmoja wa sahani ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba dakika 3 hivi. Taarabu haiimbwi kwa kipimo hicho. Ukumbini wimbo unaanza kwa ala peke yake, mwimbaji anaingia kwa wakati wake, watu wanainuka kutunza, ubeti unarudiwa kwa kuwa kuna aliyeuomba kwa macho. Bombay hapakuwa na wa kutunza, na sahani haikungoja. Kwa hiyo tunachokisikia ni beti zilizochaguliwa, zenye kitangulizi kifupi, na mara nyingine wimbo unakwisha kana kwamba mlango umefungwa.

Nilipolielewa hilo nilianza kuusikia ustadi wenyewe. Linganisha na muziki wa jazi: mwaka 1956 mpigaji saksofoni Sonny Rollins wa Marekani alirekodi albamu ya Saxophone Colossus, na humo kipande cha “Blue 7” kinapita dakika 11. Sahani ndefu zilikuwa zimeingia sokoni tangu 1948, hivyo Rollins alipata nafasi ya kukichukua kifungu kidogo cha muziki na kukigeuzageuza mpaka akimalize. Siti hakuwa na nafasi hiyo. Ilimbidi aingie na hisia zote tayari kooni tangu neno la kwanza. Sikiliza anavyoivuta silabi ya mwisho ya mshororo, akaishusha taratibu, kisha akaudaka mshororo unaofuata bila kuchelewa hata kidogo. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua dakika zake zinahesabiwa.

2. Uliza sahani ilizungushwa kwa kasi gani

Hili ndilo somo lililonibadilisha zaidi. Nakala mpya ya santuri kongwe huanza na fundi anayeizungusha sahani na kuihamisha sauti. Akiizungusha haraka kidogo, wimbo wote unapanda juu na koo la mwimbaji linakuwa jembamba. Akiipunguza, sauti inakuwa nzito na dumbaki inachoka. Si lazima kosa liwe kubwa: ukitoka mizunguko 78 ukafika 82 na ushei, wimbo umeshapanda nusu toni nzima.

Hata matajiri wa muziki hili limewapata. Albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis ya mwaka 1959, wanamopiga saksofoni John Coltrane na Cannonball Adderley, iliuzwa kwa zaidi ya miaka 30 huku vipande vya upande wake wa kwanza vikisikika juu kidogo kuliko vilivyopigwa, kwa sababu mashine ya kanda iliyorekodi ilikwenda polepole. Nakala za miaka ya 1990 ndizo zilizosahihisha. Watu walikuwa wamejifunza kupiga saksofoni kwa kuifuata kasi isiyo yake.

Kwa nyimbo za Siti mimi hupima kwa matamshi. Kiswahili cha Unguja kina mwendo wake mdomoni. Nikisikia maneno yanakimbizana, na pumzi kati ya mishororo imekatika kama ya mtu aliyepanda ngazi, naitilia shaka kasi kabla ya kumlaumu mwimbaji. Kisha namwita kijana mmoja mpigaji udi alinganishe nyuzi zake na santuri. Wakati mwingine udi unakubali moja kwa moja. Wakati mwingine inabidi akaze kila uzi, na hapo tunajua pana jambo.

3. Mkwaruzo usiondolewe wote

Santuri ya shelaki inakwaruza. Sindano ya chuma inapita mferejini, na kila mara inapopita inachukua kitu. Watoaji wengi wa nakala mpya husafisha kwa kompyuta, na wasiojua pa kukomea huacha sauti laini kama iliyofunikwa blanketi. Tatizo ni kwamba njuga za tari, ncha ya upinde wa fidla na pumzi ya mwimbaji vinakaa palepale juu unapokaa mkwaruzo. Ukiufagia wote, navyo vinakwenda. Nakala ninayoipenda ina moshi kidogo, lakini tari inasikika ikitikisika baada ya pigo, na herufi “s” ya Siti ina ukali wake.

4. Jina moja kwenye jalada halitoshi

Nyuma ya jalada la Saxophone Colossus utamkuta Tommy Flanagan wa piano, Doug Watkins wa besi na Max Roach wa ngoma. Msikilizaji wa jazi anakua akiwajua wote. Kwetu tunasema “Siti” tukanyamaza. Lakini palikuwa na Mbaruk, yule kipofu mwenye asili ya Mombasa, na udi wake. Palikuwa na Subeti Ambari, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban. Msikilize Mbaruk peke yake, uuache wimbo upite nyuma yake, utaona ni mara ngapi udi unamwandalia Siti mahali pa kutua. Nakala isiyowataja watu hawa imewadhulumu, hata sauti yake iwe safi vipi.

5. Soma Wasifu

Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na mimi naona ndicho kijitabu kinachostahili kukaa kando ya santuri hizi. Kinaeleza alikotoka, heshima aliyoipata na kejeli alizozivumilia.

6. Kila mkusanyo una nia yake

Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa Poetry and Languid Charm, mkusanyo wa santuri za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950 ulioandaliwa na mtafiti Janet Topp Fargion. Huo ndio mlango mzuri wa kuingilia, kwa sababu unamweka Siti kati ya wenzake. Zanzibara 1 ya Buda Musique ya Ufaransa, ya mwaka 2005, inafuata miaka 100 ya chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905. Ukiinunua ukimtafuta Siti utaona umepotea, na si haki kuilaumu. Nazo rekodi za kampuni ya GlobeStyle za mwishoni mwa miaka ya 1980 zinakupa orkestra kubwa yenye fidla nyingi, muziki uliokwishapitia redio na filamu za Misri. Nashauri uanze na santuri, kisha orkestra, kisha uende mwenyewe kwenye mazoezi ya jioni, Malindi kwa Ikhwani Safaa au Vuga kwa chama cha Kalcha. Sikio linakuwa limeshajua nini kimebaki na nini kimeondoka.

7. Maneno yako kwa wazee

Bibi mmoja jirani yangu alinisikia nikirudiarudia upande mmoja, nikijaribu kulinasa neno lililozama kwenye mkwaruzo. Akaniambia, “Mwanangu, huyo hasemi hivyo,” akauimba ubeti mzima, na ule uliofuata ambao haumo kwenye sahani. Aliupata kwa mama yake.

Vijitabu vya nakala hizi vimeandikwa kwa lugha za huko zinakouzwa. Maneno ya nyimbo yanapaswa kuchapwa kamili kwa Kiswahili, pamoja na beti zilizoachwa Bombay, na kazi hiyo itafanywa hapa au haitafanywa. Mwenye sahani nyumbani azisimamishe wima, kila moja kwenye karatasi yake, mbali na jua la dirishani. Asizifute kwa spiriti, maana spiriti inayeyusha shelaki na sauti inaondoka nayo; kitambaa laini kikavu kinatosha. Kisha amwite mkubwa wa nyumba, amwekee wimbo, na kalamu iwe mkononi.