Programu Huria: Jinsi ya Kuripoti Hitilafu
OpenMRS, programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka wa 2004. Mwaka wa 2006 ikaanza kutumika Eldoret chini ya AMPATH, mpango unaohudumia pia wagonjwa wa Webuye. Huria maana yake msimbo wake uko wazi: mtaalamu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwapa wengine marekebisho hayo.

Lakini hawezi kurekebisha asichokijua. Dawa isipohifadhiwa kwenye rekodi, mgonjwa anaweza kupewa mara mbili. Mhudumu akiandika tu "mtambo umekwama", hajasaidia. Aeleze alibonyeza nini, alitarajia nini na skrini ilionyesha nini. Akiambatisha picha ya skrini, afiche kwanza jina na nambari ya mgonjwa, maana itasomwa na wengi.